Mgando wa Majani

Mama mkwe wangu hakunipenda, na mimi sikumpenda, na hiyo haikuwa siri kwa mtu yeyote kuanzia barabara kuu ya Nyamasaria mpaka kwenye matope ya ziwa. Aliniita nyar mwa, yaani binti wa wageni, kwa sababu nilitoka Kakamega na mwanawe alinioa bila kumuuliza. Usoni nilimwita Mama, kama heshima inavyotaka. Nikiwa peke yangu na sufuria zangu nilimwita mengine, na hayo sitayaandika. Watoto wa boma walimwita Dani, ndiyo kusema nyanya, nami nitamwita hivyo hapa.

Kitu kimoja alichokishikilia Dani ni kuwa wa kwanza. Kwa Waluo mama wa boma ndiye hupanda mbegu kwanza, wake za wanawe wakafuata, na wakati wa mavuno ni vivyo hivyo. Mimi mwaka wangu wa kwanza pale niliona mvua imenyesha, nikachukua jembe nikapanda. Nani aliwahi kunieleza? Alisimama ukingoni mwa shamba akanitazama mpaka nikamaliza mstari, halafu akarudi nyumbani. Aliliweka moyoni. Lilitoka siku binti yangu alipougua.

Mume wangu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha sukari kule Muhoroni. Alikuja Jumamosi juu ya lori la miwa na kuondoka Jumapili jioni. Siku nyingine zote tulibaki watatu, mimi na Dani na binti yangu, ambaye alikuwa ndio kwanza ameacha kunyonya. Surua ikamkamata. Ilipokwisha, hamu ya kula haikurudi. Alikataa ugali, akakataa uji, akakataa samaki niliyemtafunia mwenyewe. Miguu ikavimba, uso ukajaa ukawa wa mviringo, na mtu asiyejua alikuwa akipita na kusema mtoto amenona. Nywele zikawa laini na nyekundunyekundu, zikitoka kwenye kitana bila kuvutwa. Na aliacha kulia. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Alikaa ameegemea ukuta akinitazama tu, asubuhi mpaka jioni.

Dani alisema ni chira. Chira ni ule ugonjwa unaomla mtu polepole kwa sababu kuna mwiko umevunjwa nyumbani kwao. Na nani alivunja? "Wewe ulipanda mbele yangu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mimi niko hai, wewe unapanda. Sasa angalia mtoto."

Nilimbeba mtoto nikampeleka zahanati. Sista wa pale aliubonyeza mguu wa binti yangu kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki pale kwenye ngozi, halijai. "Unaona?" akasema. "Hii si chira, mama. Huyu amekosa protini. Mpe mayai, maziwa na nyama." Mayai, maziwa na nyama! Kana kwamba nilikuwa nimevificha chini ya kitanda nikila peke yangu. Nilimshukuru nikatoka, na nilipofika nje nilikaa kwenye ngazi nikaubonyeza mguu ule mwenyewe, tena na tena, nikingoja shimo lijae.

Ni kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa ndiko nilikosikia habari ya majani. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa mapishi, mjane aliyekaa Milimani kwenye nyumba yenye uwanja mkubwa na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu. Alikuja kwetu na gari lake dogo, buti limejaa majani mabichi mpaka halifungi. Yalikuwa majani ya lusani, yale ya ng'ombe wa maziwa. Tukamwangalia. Akatuuliza, "Ng'ombe anakula nini?" Tukasema majani. "Na anatoa nini?" Maziwa. "Basi leo tunamruka ng'ombe." Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Dani, ambaye alikuja kwa sababu mimi nilikuja, hakucheka. Alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kusikika, kwamba sasa binti wa wageni anataka kumlisha mjukuu wake chakula cha mifugo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Majani yalikatwa asubuhi na kusagwa siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono ya kusagia nyama, iliyofungwa kwenye meza ya mbao. Yakitoka pale yalikuwa rojo. Tuliyatia kwenye kitambaa cha amerikani, tukakikamua wawili wawili, huyu huku na yule kule, hadi maji ya kijani mazito yakajaa sufuria. Makapi tulimpelekea ng'ombe. Maji yale yaliwekwa motoni, yakitiwa ndimu kidogo, na yalipokaribia kuchemka ghafla yaligawanyika. Mgando wa kijani ulipanda juu, na chini yake yakabaki maji ya kahawia. Mgando ulichujwa, ukaoshwa, ukabanwa chini ya jiwe ukawa kipande kizito chenye harufu ya majani ya chai na samaki kwa pamoja. Maji ya kahawia yalimwagwa. "Yote ambayo jani linataka kutuumiza nayo yamo humu," Mama wa Milimani alisema. "Mgando ni wetu. Haya ya kahawia ni ya kumwaga."

Siku ya kwanza kabisa haikugawanyika. Tulichochea kuni, tukakoroga, tukangoja, na sufuria ikabaki supu ya kijani tu. Mama wa Milimani alikamulia ndimu zote alizokuwa nazo. Wapi! Akaweka mikono kiunoni akatuangalia mmoja mmoja. "Nani ametia kitu humu?"

Dani hakusita hata kidogo. "Magadi," akasema. "Tangu lini mboga ikapikwa bila magadi?"

Na kweli, mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Hakuna mwanamke wa pande zile, Mluo wala Mluhya, anayetia majani kwenye chungu asiweke magadi yalainike. Dani alifunga kipande cha magadi kwenye ncha ya leso yake mahali wengine hufunga sarafu, akipita kwenye chungu chochote anafungua fundo. Tulicheka sana siku hiyo. Mama wa Milimani mwenyewe alifuta machozi ya kicheko, kisha akatuambia kwa ukali kidogo kwamba magadi na mgando havikai pamoja, na kuanzia leo ndimu ndiyo, magadi hapana. Supu ile alinyweshwa ng'ombe. Dani alifunga fundo lake akasema hajawahi kuona wapishi wajinga namna hii.

Niliutia mgando kwenye uji wa wimbi, yaani ulezi, kijiko kwanza, halafu viwili, na sukari kidogo ya kuficha ile harufu. Hapo ndipo vita vyangu na Dani vilipoanza upya. Nikishika kikombe nimpe mtoto, mkono wake ulikuwa umeshafika. "Leta hiyo kikombe." Alikuwa lazima aonje kwanza. Na si kuonja kwa ncha ya ulimi. Alivuta funda la maana, akakaa na kikombe mapajani, akangoja. Uji unapoa, mtoto ananyoosha shingo, mimi nachemka, na yeye anaangalia ziwa kama hana haraka ya dunia hii. Mpaka acheue. Akishacheua ndipo anasema, "Haya, mpe."

"Mama, hicho ni chakula cha mtoto," nilimwambia siku moja. "Kila siku unamnywea nusu!"

"Mimi sikujui," akanijibu. "Sijui nyumba umetoka. Mtu anapikia mjukuu wangu kitu ya kijani, mimi nakaa tu?" Halafu akageukia wanawake wenzetu waliokuwa wakikamua kitambaa, akasema kwa Kijaluo maneno ambayo alikuja kuyarudia karibu kila tulipokutana: "Nikifa, mjue ni nani alinishikisha kikombe."

Walicheka kwa aibu. Mimi nilitaka kumwagia uji ule kichwani.

Lakini mtoto alikula. Pengine kwa sababu alimwona nyanya yake akila, sijui. Alikuwa akimtazama Dani koo lilivyoshuka na kupanda, na Dani akicheua, binti yangu alifungua mdomo mwenyewe. Na siku moja, nikiwa nachambua dagaa nje, omena wale wadogo wa ziwa, nilisikia kilio ndani ya nyumba. Niliacha kila kitu nikakimbia. Alikuwa amegombania kijiko na Dani, Dani amemnyang'anya, na mtoto alikuwa analia, kwa sauti, kwa machozi, miguu inapiga sakafu. Nilikaa chini nikalia naye. Dani alitutazama sote wawili akauliza kama na mimi nataka kijiko. Jioni ile niliubonyeza mguu wa binti yangu, na shimo likajaa.

Kisha ukaja ule mwaka wa mahindi ya njano. Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Mvua ndefu hazikuja. Wimbi liliungua shambani, na duka la pale barabarani likauza mahindi ya msaada ambayo kuku wenyewe waliyaangalia kwanza. Ziwa lilijivuta nyuma likaacha matope yaliyopasuka, na harufu yake iliingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Upepo ulivuma mchana kutwa na vumbi jekundu. Lori za miwa zilizokuwa zikipita zimejaa sasa zilipita nusu. Kule Milimani lusani ilikauka, na Mama wa Milimani akauza ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine. Kipande cha mwisho cha mgando nilikigawa kidogo kidogo hadi kikabaki doa kwenye karatasi.

Nikaanza tena kuubonyeza mguu.

Kitu kimoja tu kilibaki kijani katika nchi ile yote, nacho ni muhogo. Ulisimama mashambani kama vile jua halikuyahusu majani yake. Mama wa Milimani alikuja, hatukuwa tumemwona kwa muda, amekonda, akasema tunaweza kujaribu majani ya muhogo, ila hakusema kwa ile furaha ya lusani. Alitukalisha chini. Muhogo wa kiangazi una sumu kali kuliko wa mvua, alisema, na ule mchungu ndio zaidi. Majani yasagwe, yaachwe kwanza yatoe harufu, maji yake yachemshwe nje, sufuria ikiwa wazi, mtu asiinamie mvuke. Sumu nyingine inaondoka na mvuke, nyingine inabaki kwenye maji ya kahawia. "Maji ya kahawia mmwage mbali," alisema. "Mbali na mtoto, mbali na mnyama."

Mara ya kwanza tulifanya naye, na mgando ulipanda vizuri, tukashangilia. Tulichimba shimo nyuma ya jiko tukamwaga maji ya kahawia. Kuku mmoja wa Dani, mtetea mweupe, akaja kunywa kabla hayajakauka. Alitembea hatua chache, akainamisha kichwa, akalala ubavu. Miguu ilipiga mara kadhaa ikatulia. Wote tulisimama tukimwangalia, hakuna aliyecheka. Dani alimwokota kwa miguu, akanitazama mimi, siyo Mama wa Milimani. Kutoka siku hiyo kila mtoto wa kikundi alijua kwamba maji ya kahawia yanaua.

Mgando ule binti yangu aliula, Dani akiwa wa kwanza kama kawaida, na haukumdhuru mtu. Lakini ulikwisha haraka. Siku tuliyopanga kutengeneza mwingine, Mama wa Milimani alikuwa amekwenda msibani kwao Siaya. Tukasema si tumeshajua kazi? Tulikuwa na njaa, na watoto walikuwa na njaa zaidi. Tukaanza bila yeye.

Muhogo wa karibu ulikuwa umekwisha kuchumwa, kwa hiyo tulichuma wa kule bondeni, majani magumu, ya zamani, yenye mishipa. Mashine ilikwama kila mara. Tulikamua hadi viganja vikawaka. Upepo ulikuwa mbaya kuliko siku zote, vumbi likiingia machoni na kwenye sufuria, na jirani yangu akasema tutalisha watoto udongo. Akachukua kifuniko akafunika. Mimi nilikuwa naye pale, na niliona ni jambo la busara, nani anataka mchanga kwenye chakula? Ndimu hazikuwepo. Ndimu utaitoa wapi kiangazi kile? Niliingia ndani kumtazama mtoto, nikambeba mgongoni, nikarudi.

Tulipofunua, haukuwa umepanda. Ilikuwa supu ya kijani, nzito, inang'aa.

"Ni kukosa ndimu," jirani yangu akasema, na sote tukakubali. Tuliichochea tena. Haikugawanyika. Tulikaa kuizunguka sufuria ile, wanawake wazima, na watoto wetu wamekuja wamesimama na vikombe vyao mkononi. Mmoja wetu akasema imwagwe. Jirani yangu akaruka kama aliyechomwa. "Imwagwe? Chakula? Mwaka huu?" Kisha akasema lile neno ambalo sote tulikuwa tukilifikiria. Sumu iko kwenye maji ya kahawia. Hapa kahawia iko wapi? Hii ni kijani tupu.

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi. Halikuwa la kijinga. Tulikuwa tumefundishwa kuogopa rangi fulani, na rangi hiyo haikuwepo.

Basi ikachotwa. Nilimshusha binti yangu mgongoni, nikamkalisha mapajani, nikajaza kikombe chake cha bati. Ilikuwa na harufu kali, ya muhogo mchungu, iliyopanda puani na kukaa. Alikuwa ameshafungua mikono. Na mkono wa Dani ukafika.

"Leta hiyo kikombe."

Nilimpa kwa hasira mpaka ikamwagika kidogo kwenye leso yake. Hakuwa amekula tangu jana, nilijua, maana ugali wa njano alimwachia mtoto akisema unamkwaruza koo. Akavuta funda refu. Akakunja uso. "Kali," akasema. Akavuta jingine, refu zaidi, macho yamefumba, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya ile ladha. Halafu akaweka kikombe mapajani na kuangalia upande wa ziwa.

Mtoto alianza kulia. Alinyoosha mkono, akashika ukingo wa kikombe. "Mama, mpe basi!" nikasema. "Mtoto ana njaa!"

"Ngoja," akasema Dani.

Nikamshika mkono nimnyang'anye kikombe. Alikuwa na nguvu yule mwanamke. Alikikumbatia kifuani kama mtoto anayeficha mkate. "Ngoja," akasema tena, na safari hii sauti ilikuwa imetoka mbali. Akashika kichwa. Akaniuliza kwa Kijaluo mbona kumekuwa giza. Nilifikiri ananifanyia mchezo, nikafungua mdomo nimjibu, na hapo akaanza kuhema, kuhema kwa nguvu kama aliyepanda mlima, na hewa haimtoshi. Kikombe kikaanguka. Alikigeuza kikianguka, sijui kwa makusudi au vipi, lakini supu yote ilimwagikia chini, na mtoto wangu hakupata hata tone.

"Mwageni!" nikapiga kelele. "Mwageni vikombe!" Jirani yangu alimpiga mwanawe mkono hadi kikombe kikaruka. Mtoto yule alikuwa ameshaonja kidogo. Alitapika sana, akaumwa kichwa siku ile yote, akapona.

Tulimbeba Dani mpaka barabarani kwa mlango wa jiko tuliong'oa. Lori la miwa lililotoka Muhoroni lilisimama, tukampandisha mbele kwa dereva, mimi nikimshikilia. Hospitali kuu haikuwa mbali. Nilimwita njia nzima. "Mama! Mama, tumefika, Mama!" Tulipofika kwenye geti alikuwa ameshaacha kuhema.

Nesi alinipa leso ya Dani imekunjwa. Nikaikunjua pale kwenye benchi, nikaona ncha yake. Fundo lilikuwa limefunguliwa, na ndani kulikuwa na ungaunga mweupe. Nikaweka kidole ulimini. Magadi. Majani yalikuwa magumu, na mkono wake ulikwenda wenyewe wakati mimi niko ndani na mtoto. Baadaye Mama wa Milimani alinieleza, akilia, kwamba magadi huizuia sumu ya muhogo isiondoke na mvuke, kama yanavyouzuia mgando usipande. Yaliishikilia yote ndani ya sufuria, na kifuniko chetu kikamalizia.

Nilimwonyesha mume wangu leso ile. Aliikunja tena. "Hiyo maneno iache," akasema. "Mama yangu asizikwe na hiyo maneno." Nilikasirika. Nilimwambia mimi je, mimi nitazikwa na maneno gani? Maana boma lilikuwa limejaa watu, na kila aliyeingia alikuwa ameshasikia. Wanawake wa kikundi hawakunisingizia, Mungu awape heri, walisema tu kile walichokisikia, kwamba marehemu alikuwa akisema nikifa mjue ni nani alinishikisha kikombe. Na nani alimshikisha? Ni mimi. Hata kukana sikuweza. Wifi yangu, dada ya mume wangu, alisimama mbele ya waombolezaji akalia akilitamka hilo. Chai niliyoandika mezani ilipoa hapo ilipo. Hakuna aliyegusa kikombe nilichokishika.

Mimi yote hayo ningeyavumilia. Nina kichwa kigumu. Lakini binti yangu hakula.

Hakula siku aliyokufa Dani, hakula kesho yake, na kesho kutwa alikuwa amerudi ukutani. Nilimtengenezea uji wa mahindi ya njano na omena niliyemsaga mwenyewe hadi akawa unga, nikautia sukari ya mume wangu kutoka kiwandani. Alifunga mdomo. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwimbia. Alikisukuma kikombe kwa kiganja, akakielekeza kwenye kigoda cha Dani kilichokuwa kitupu karibu na mlango. "Dani," akasema. Sikumwelewa mara ya kwanza. Nilifikiri anamwulizia. Niliubonyeza mguu wake, na shimo likabaki.

Siku ya maziko, jeneza likiwa bado uwanjani, nilitoka naye nje na kikombe chake. Nilimkalisha, nikamsogezea uji, akafunga mdomo, akausukuma ule ule upande wa kigoda. "Dani." Na hapo ndipo nilipoelewa. Hamwulizii. Anangoja.

Nikakivuta kigoda nikakikalia. Nilisikia wifi akivuta pumzi nyuma yangu, maana kigoda cha marehemu hakikaliwi hivyo. Nikachukua kikombe, nikavuta funda la maana, nikakiweka mapajani. Mtoto alikuwa ananitazama koo. Na watu wa boma zima, kutoka chini ya turubai mpaka kwenye ua, walikuwa wananitazama pia, wakingoja nianguke.

"Ngoja," nikamwambia.

Nikaangalia upande wa ziwa. Niliangalia mpaka machozi yakakauka yenyewe. Halafu nikacheua, na binti yangu akafungua mdomo.